Mishono Iliyopinda ya Inver Grove Heights

Esta na Dani, kaeni. Dada yenu nimestaafu.

Najua nina miaka kumi na nane, na Jumatano nina mtihani wa hesabu ambao sijausomea. Hayo ni mambo madogo. Mtu aliyefanya kazi miaka miwili mfululizo, akiwa dereva, mkalimani na mbeba mizigo wa bibi mmoja mwenye magoti mabovu na macho makali, ana haki ya kupandisha miguu kwenye kochi na kuwaanzia vijana maneno ya "enzi zetu".

Enzi zetu, basi, hakukuwa na mtu wa kutuonya. Esta, umepata leseni juzi, na baba amekuambia yale yale aliyoniambia mimi: gari utapewa, ila Jumamosi ni ya Bibi. Ukasema "sawa, baba" kabla hajamaliza sentensi. Nilikuwa jikoni nakula mkate, nikakuonea huruma hadi nikaupaka siagi mara ya pili. Ndiyo maana naandika. Dani, wewe una miaka kumi na mbili, soma tu ujifunze kukimbia.

Kazi yenyewe ni kumpeleka Bibi Feza popote penye kwilti. Kwilti ni blanketi la viraka: juu vipande vya vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu tabaka zote tatu zinashonwa pamoja. Hapo nimewaeleza ni nini. Kwa nini watu wanazitengeneza, mpaka leo sijui, na nimeuliza watu wengi.

Siku ya kwanza tulikuwa kwenye duka la kwilti, Roseville. Bibi alitaka uzi mweusi tu. Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja ananunua kitambaa kipya kabisa, kizuri, cha maua ya zambarau, na akawa anamweleza mwenye duka kwa furaha kwamba akifika nyumbani atakikata vipande mia mbili.

"Anasemaje?" Bibi akaniuliza.

"Anasema atakikata vipande mia mbili."

"Kina ubaya gani?"

Nikamuuliza yule mama. Hakina ubaya.

"Sasa anakikatia nini?"

Nikauliza. Ili aviunge.

"Apate nini?"

"Kitambaa, Bibi."

Bibi akamtazama yule mama kwa huruma kubwa, kama mtu aliyefiwa. Kisha akageuka akaona ukutani kwilti kubwa ya nyota, nyota moja ndani ya nyingine, rangi zinatoka nyekundu zinaingia njano bila mtu kujua zimehama wapi. Akaisogelea hadi pua ikakaribia kugusa. Uzi mweusi tukausahau. Tulitoka pale baada ya saa mbili, nikiwa nimebeba mifuko minne na njaa.

Lazima mjue Bibi alikuwa nani, maana nyinyi mnamjua wa juzi. Kule kwetu Uvira alikuwa na kibanda chake cha cherehani karibu na soko, na mabibi harusi walipanga foleni. Kambini Tanzania alishona sare za shule za nusu ya watoto mnaowaona leo wanajifanya Wamarekani kanisani. Halafu akaja hapa, Saint Louis Park, ghorofa ya tatu, na kila mtu akamwambia maneno mazuri: pumzika, Bibi. Akapumzika miaka mitatu kwenye kiti cha dirishani akihesabu magari ya paking. Alijua lipi halijahama tangu theluji iyeyuke.

Kwa hiyo nawaambia mapema mnielewe: Bibi hakuwa anatafuta kwilti. Alikuwa anatafuta meza yenye mafundi wengine. Na alikuja kuipata, Inver Grove Heights, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa moja, ambako wanawake kumi na watano hukutana kila Jumamosi asubuhi kushona pamoja, na kiti kimoja kilikuwa wazi. Alikipata kiti hicho. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikakaribia kumpotezea. Nitafika huko. Mstaafu haharakishwi.

Kwanza, masomo ya kazi. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Harold, mume wa Mama Doris anayeongoza darasa la Inver Grove. Nilikutana naye kabla sijamjua mkewe, kwenye kiti cha waume. Hamjui kiti cha waume? Kila duka la kwilti lina kiti karibu na mlango, na juu yake kuna mwanamume mzee anayeangalia viatu vyake. Mzee Harold amekalia viti hivyo miaka arobaini. Siku hiyo alisogea akanipa nusu ya kiti, kimya, kama watu wanavyopeana nafasi kwenye benchi la hospitali.

"Mkeo?" akaniuliza kwa utani.

"Bibi yangu."

"Kifungo ni kile kile," akasema. "Umekula?"

"Hapana."

"Kosa la kwanza."

Aliyonifundisha Mzee Harold nawapa bure. Usiulize "bado?" hata siku moja, maana ukiuliza anakumbuka kona ambayo hajaifikia. Uliza, "umekiona kile pale?" na uoneshe kitu kilicho karibu na mlango. Ukiletewa vitambaa viwili ukaulizwa kipi kizuri, sema cha kushoto. Nilimuuliza kwa nini cha kushoto. Akasema, "Kwa sababu atachukua cha kulia, na atafurahi kwamba amekushinda." Nilijaribu kwa Bibi. Akachukua vyote viwili. Nilipomrudia Mzee Harold na malalamiko alinitazama kwa heshima mpya, akasema bibi yangu ni daraja la juu, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kufundishwa cha kufanya hapo.

Mengine niliyajua kwa kuumia. Usiingie na kinywaji chenye rangi. Usiguse kile kisu cha gurudumu kinachofanana na cha kukatia pizza. Nina alama kidoleni, na zaidi ya alama, nina kumbukumbu ya Bibi akiokoa kitambaa kwanza halafu mimi.

Halafu kuna safari. Majira ya joto maduka ya kwilti ya jimbo zima huungana: unapewa kadi, na kila duka unalofika wanakugongea muhuri. Ukimaliza unapata zawadi ndogo. Kwa wenyeji huo ni mchezo, wanacheka, wanamwagia kadi kahawa. Bibi aliiweka kadi ile kwenye mfuko wa plastiki tuliobebea karatasi zetu za safari kutoka kambini, ule ambao kila familia iliukumbatia uwanja wa ndege kama mtoto mchanga. Akavaa nguo za kanisani, kikwembe kipya cha kitenge na kilemba.

"Tukikosa muhuri mmoja watatukatalia?" akaniuliza barabarani.

"Watatukatalia nini, Bibi? Ni mchezo."

"Mchezo gani una mihuri?"

Nikaegesha gari. Kila duka alisimama mbele ya kaunta wima, akatoa kadi kwa mikono miwili, akasubiri. Mahali pamoja wino ulikuwa hafifu. Mwenye duka alikwishageukia mteja mwingine. Bibi hakuondoka.

"Mwambie huu hausomeki. Kesho atakuja mtu mwingine aseme hatukufika."

"Bibi, hakuna mtu atakayekuja."

"Ulikuwa na miaka minne tulipoandikishwa kambini. Hujui wanavyokuja."

Nikamwambia mwenye duka. Akagonga tena, mara tatu, kwa nguvu, na kaunta ikatikisika. Bibi akaupulizia wino hadi ukakauka ndipo akasema asante. Esta, hapo utasimama, utanyamaza na utasubiri wino ukauke. Sijui kwa nini nakwambia kwa ukali, lakini ndivyo.

Na maonyesho. Ukumbi mkubwa Saint Paul, kwilti zimetundikwa kama nyumba za nguo, na sheria ni moja: hakuna kugusa. Wanaoruhusiwa ni akina mama waliovaa glavu nyeupe tu. Bibi alipowaona alinong'ona, "Maskini, wote wana ugonjwa wa ngozi?" Kabla sijajibu alikuwa ameshafika kwenye kwilti iliyoshinda, yenye utepe wa bluu, na ameigeuza kona kuangalia nyuma.

Mtu wa glavu alikuja kwa ile mbio ya watu wazima isiyotaka kuonekana mbio. Nikamweleza Bibi. Bibi akasema, "Mbele kila mtu anajua kupendezesha. Nataka nione nyuma amefanya nini." Nikatafsiri hivyo hivyo, nikifumba jicho moja. Yule mama akamtazama Bibi. Kisha, kwa mkono wake wa glavu, akaigeuza kona yeye mwenyewe. Wakainama pamoja robo saa. Bibi akionesha kwa kidole bila kugusa, yule akiitikia kwa kichwa, wakirudi nyuma, wakiinama tena. Mimi nikasimama pale na mikoba miwili, na hakuna aliyekuwa na haja na mimi. Nilidhani ni bahati mbaya tu ya siku hiyo.

Sasa darasa.

Mama Doris ni mrefu, ana nywele nyeupe fupi, na hapandishi sauti. Alimpokea Bibi, akamwonesha kiti, akamsogezea taa. Kikundi kilikuwa kinatengeneza kwilti moja ya pamoja ya kupeleka maonyesho: miraba kumi na sita, kila mwanamke mmoja, wa kumi na sita ukisubiri mtu wa kiti kile. Bibi alikaa, akaipapasa meza. Kwenye gari, siku ile ya kwanza, alizungumza kutoka Inver Grove hadi Saint Louis Park bila kituo. Alinieleza habari za wanafunzi wake wa Uvira, majina yao, nani alikuwa mvivu wa kupiga pasi, nani aliolewa na mteja. Miaka kumi na sita nimekaa na mtu huyu, sikuwahi kusikia hata jina moja.

Jumamosi ya pili, Mama Doris alikwenda kuchukua kahawa akaacha mraba wake mezani. Mraba ule ulikuwa umepinda. Mishono ilikwenda upande, ikarudi, kama njia ya mbuzi. Bibi akautazama. Akatazama huku na huku. Akatoa kisu chake kidogo cha kufumulia, akaufumua wote, akaupanga, akaupitisha kwenye cherehani, akaupiga pasi, akaurudisha pale pale. Dakika sita. Nilikuwa nacheza na simu, nikaona, nikadhani ndio darasa.

Mama Doris alirudi. Akaushika mraba wake ulionyooka kama rula. Akatabasamu.

"Hii inavutia," akasema.

Dani, jifunze hili kabla hujakua. Watu wa hapa wakikasirika hawagombi. Wanatabasamu na kusema kitu kinavutia. Ukisikia hivyo, tafuta mlango.

Kisha akanigeukia, bado anatabasamu, akasema polepole nimwambie bibi yangu kwamba miraba ile imepinda kwa makusudi. Wanashona bila rula. Kila mtu mkono wake unakwenda upande wake, na ndiyo raha yenyewe: ukitazama mraba unajua ni wa nani. Je, ningeweza kumwomba asiguse ya wengine?

Bibi alikuwa ananiangalia, mikono magotini, akisubiri.

"Anasemaje?"

Hapa ndipo palipo na kosa langu, na nimeligeuza mara nyingi kichwani. Kumweleza fundi wa miaka arobaini kwamba watu wazima wanapindisha mshono kwa makusudi kungetuchukua hadi Krismasi. Nilikuwa na njaa. Rafiki zangu walikuwa wananisubiri. Na uso wake, jamani. Mimi nilimjua yule wa dirishani.

"Anasema asante sana, Bibi. Amefurahi."

Kisha nikamgeukia Mama Doris, nikamwambia, "Bibi anaomba msamaha. Hatarudia."

Wote wawili wakaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilijiona fundi.

Jumamosi iliyofuata Bibi alinitaka tufike saa moja na nusu kabla. Nikafurahi, maana ningemwacha nikapitie kwa rafiki. Mzee Harold alikuwa ameshafungua ukumbi, anachemsha kahawa. Nikamwacha Bibi naye. Miraba yote ya kikundi ilikuwa imepangwa mezani, tayari kuunganishwa.

Nilirudi, nikafungua mlango. Wanawake kumi na watano walisimama kuzunguka meza na makoti yao bado mwilini. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, pasi inatoa mvuke pembeni, uso unang'aa. Miraba kumi na mitatu ilikuwa imenyooka. Wa kumi na nne ulikuwa chini ya sindano.

Mzee Harold akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilidhani mmekubaliana."

Hakuna aliyegomba. Ingekuwa afadhali. Mama mmoja aligusa mraba wake, akautafuta mkono wake ndani yake, hakuuona, akauweka chini taratibu. Mama Doris hakutabasamu safari hii. Akanivuta kando. Akasema anajua bibi yangu ni fundi mkubwa, na kwamba labda kuna darasa lingine, la magauni, siku za Jumanne, ambalo lingemfaa zaidi. Angependa nimweleze hivyo, kwa upole.

Nikarudi mezani.

"Wanasemaje?" Bibi akauliza. "Mbona wamesimama? Waambie wakae, nimebakiza miwili."

Esta, nilikuwa na uongo tayari mdomoni, mzuri, umepigwa pasi. Ningesema Jumanne wanahitaji mwalimu wa magauni. Angekwenda akiwa na furaha. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni kwamba alikuwa bado ameshika uzi.

"Bibi," nikasema, "walipindisha kwa makusudi."

"Nani?"

"Wote. Ndivyo walivyotaka. Wiki iliyopita Mama Doris hakusema asante. Alisema usiguse. Mimi ndiye niliyesema asante."

Akaweka uzi mezani. Mashine ya kahawa ikakoroma.

"Kwa hiyo mimi nimenyoosha vitambaa vyao," akasema, "na wewe umenyoosha maneno yao."

"Ndiyo, Bibi."

"Mke mwenzangu, wewe ni mshenzi."

"Ndiyo, Bibi."

"Waambie ulichofanya. Chote. Usikirembe."

Nikawaambia. Kwa Kiingereza kilichonikauka kama mchanga, mbele ya makoti kumi na tano. Nilipomaliza, Bibi alikuwa ameshachukua kile kisu kidogo na ameanza kufumua. Mraba wa kwanza. Wa pili. Anafumua mshono wake mzuri na kuviweka vipande kwenye mafungu, kila fungu mbele ya kiti cha mwenyewe, bila kukosea ni vya nani. Mama mmoja akavua koti. Akavuta kiti, akachukua fungu lake. Kisha mwingine. Wakaanza kushona upya, kila mtu na upande wake, na Bibi akakaa katikati yao amekalia mikono yake yote miwili ili isimponyoke.

Mwishoni Mama Doris akaja. Akamwekea mbele vipande vya kitambaa, akaniambia, "Mwambie neno kwa neno." Nikaapa. "Kila mwenye kiti hapa ana mraba. Wake bado. Aulete Jumamosi, bila rula. Ukinyooka, nitajua kwamba lile darasa la magauni ndilo lake."

Nikasema neno kwa neno. Bibi akavichukua vipande kwa mikono miwili.

Wadogo zangu, mlikuwepo nyumbani wiki ile lakini hamkujua mnachokiona. Mlidhani Bibi anashona tu. Alikuwa anajaribu kukosea. Jumatatu alishona akiangalia televisheni. Ukanyooka. Jumanne alifumba macho. Ukanyooka. Jumatano aliniamuru niitikise meza ya jikoni. Nikaitikisa hadi vijiko vikaanguka, na mikono yake ikanifuata kama iko juu ya mtumbwi, sindano haikutoka njiani hata unywele. Akafumua. Kitambaa kilianza kuchoka.

"Mikono hii haijui," akasema Alhamisi alasiri, na akakitazama kile kiti cha dirishani. Nilikaa karibu na cherehani, sikuwa na cha kutikisa. Nikaona nikiwa nimeshaanza kusema kweli, nimalizie.

"Bibi, si Mama Doris peke yake."

"Nini?"

"Niliyemdanganya. Ni wengi."

Akaingiza kitambaa chini ya sindano, akakanyaga pedali. "Taja."

"Yule mama wa duka la Duluth aliyekushika mkono karibu alie. Nilimwambia ulishona nguo ya harusi ya mfalme."

"Mfalme gani?"

"Sikumtaja."

Cherehani ikaendelea. Mshono, umenyooka.

"Lile duka ambalo nilikwambia wanafunga. Hawakuwa wanafunga. Niliona mgahawa."

"Nilijua. Endelea."

"Na siku ile ulipobeba vile visamaki, ndagala za kukaanga, kwenye mkoba wa mkononi. Duka zima lilinuka. Mume wa mwenye duka akaja akaniuliza kwa heshima kabisa hiyo ni harufu gani. Nikamwambia ni manukato ya kwetu. Ya wajane. Hupakwa siku ya Jumamosi."

Pedali ikapungua kidogo. "Akasemaje?"

"Akavuta pumzi. Akasema yana nguvu. Akaniomba jina, amnunulie mkewe."

"Ukampa?"

"Nikamwandikia kwenye karatasi. Ndagala. Akaikunja, akaiweka kwenye pochi."

Kicheko cha Bibi kilianzia mabegani. Hakikuwa na sauti mwanzoni, kilimtikisa tu, kilemba kikateleza kikafunika jicho moja, na mguu wake bado umekanyaga pedali. Akajaribu kusema "kwenye pochi," hakuweza. Cherehani ikakimbia. Sindano ikaondoka njiani, ikapanda kushoto, ikashuka, ikapinda tena kama barabara ya milimani, hadi kitambaa kikaisha.

Akakitoa, akakata uzi, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Nikanyoosha mkono nikiangalie.

"Usiguse," akasema.

Jumamosi, kabla sijazima injini, aliniambia, "Leo utabeba cherehani. Kusema, nitasema mwenyewe."

"Bibi, una maneno kumi na moja ya Kiingereza."

"Yananitosha. Hayajanidanganya."

Ndivyo nilivyofutwa kazi, Esta. Ndani, Mama Doris aliupokea mraba. Akapitisha kidole gumba juu ya ule mpindo, polepole, pale ulipopanda na pale uliposhuka. Wenzake wakasogea. Mmoja akasema huo umepinda kuliko yote. Mama Doris akauliza amefanyaje, na kwa mazoea akanitazama mimi. Nikafungua mdomo. Bibi akainua kidole.

Akayatafuta maneno yake kumi na moja, moja moja, kama anatafuta kifungo kwenye kopo. Kisha akakaa wima, akalitoa moja tu, kwa Kiingereza safi kinachosikika hadi kwenye ngazi. Alisema: samaki.

Wakatazamana. Mama Doris akalirudia taratibu, kama swali. Bibi akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa, akavuta kiti chake akakisogeza mezani. Nyuso kumi na tano zikanigeukia mimi. Nikaweka cherehani chini, nikaenda kumsaidia Mzee Harold kuosha vikombe.